Mwalimu, imani yake na kundi la wazazi la WhatsApp

Kila ikivuma habari ya mtumishi wa shule Ulaya aliyefukuzwa kwa kusema ndoa ni ya mume na mke, simu za walimu wa Moshi na Arusha hazitulii. Swali ni lile lile: huku nako yatatufika? Wengi wanaoisambaza hawajaisoma kesi yenyewe. Ina mafunzo, ila si yale yanayotangazwa.

Chukua ya Kristie Higgs wa Uingereza. Hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mtumishi aliyeshughulikia ustawi na nidhamu ya wanafunzi katika sekondari moja ya Gloucestershire. Mwaka 2018 aliweka Facebook machapisho ya kupinga mafundisho ya mahusiano shuleni, likiwamo suala la kuzihesabu ndoa za jinsia moja kuwa sawa na nyingine. Mzazi mmoja akalalamika, na 2019 akafukuzwa. Februari 2025 Mahakama ya Rufani ikaona adhabu ile ilipita kiasi. Alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake binafsi, kwa jina lake la kabla ya kuolewa, hakuitaja shule, na hapakuwa na ushahidi kwamba alimbagua mwanafunzi yeyote.

Sasa mtazame Chris Kempling wa British Columbia, Kanada. Yeye aliandika gazetini kuukosoa ushoga huku akijitambulisha kuwa ni mwalimu na mshauri wa wanafunzi. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya jimbo lake iliiacha palepale adhabu ya kusimamishwa mwezi mmoja. Nchi mbili, sheria mbili, sawa. Lakini kofia aliyoivaa kila mmoja wakati wa kuandika ilikuwa na uzito mkubwa.

Tanzania, kwenye jambo hili sheria na mafundisho ya dini hazigombani. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Maaskofu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, walitoa tamko lao la kupinga ndoa za jinsia moja Dodoma mwaka 2010, na misikitini msimamo unajulikana. Mwalimu anayesema "dini yangu inafundisha hivi" analindwa na Ibara ya 18 (uhuru wa maoni) na ya 19 (uhuru wa dini) za Katiba, ndani ya mipaka ya Ibara ya 30. Kupima uhuru wa maoni kwa mfano huu, basi, ni kupima kina cha mto pale wanapovukia ng'ombe. Anayeihitaji kweli Ibara ya 18 ni mwalimu anayesimama kwenye kikao na kusema mtoto asifukuzwe shule kwa uvumi.

Na hapo kwenye uvumi ndipo mambo huharibika. "Maandiko yanafundisha hivi" ni mafundisho. "Yule kijana wa kidato cha tatu mnamwonaje?" ni tuhuma, tena nzito, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, cha kujamiiana kinyume cha maumbile, kinaanzia miaka 30 jela. Sentensi kama hiyo ikitupwa kwenye kundi la wazazi saa tatu usiku, kufikia asubuhi imeshafika Boma Ng'ombe na Usa River, na kuifuta hakusaidii kwa sababu skrini shoti zimeshapigwa. Mtoto anaharibikiwa, naye mwalimu anajiweka karibu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo zinazotolewa kwa kujua na kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma, cha 23 kinahusu kumsumbua mtu mtandaoni. Vyote viwili vina faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. "Nimefowadi tu" si utetezi wa kutegemea.

Kosa la pili halisemwi sana. Mjadala huanza na ndoa, ukaishia kwenye kanisa la jirani: lipi limelegea, nani kahongwa na Wazungu. Kuumiza hisia za kidini kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika mwaka 1.

Darasani, mwanafunzi akiuliza, sentensi tatu zinatosha: sheria ya nchi inasema nini, dini zinafundisha nini, na hakuna ruhusa ya kumdhihaki mwenzako. Kisha rudi kwenye somo. Mahubiri yana kipindi chake cha dini. Mwanafunzi akija peke yake na jambo lake, mpeleke kwa mwalimu wa unasihi, usilipeleke kwenye chai ya saa nne. Siri nyingi za watoto hufia pale.

Ukiletewa barua ya kujieleza, hifadhi mazungumzo yote ya kundi, si kipande kimoja, yakiwa na tarehe na saa. Jibu ulichoulizwa, ndani ya muda uliopewa. Usiihubirie ofisi wala usiiombee radhi imani yako; eleza uliandika wapi, kwa jina gani, na kama cheo au shule vilitajwa. Mwalimu wa serikali yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015: dai hati ya mashtaka kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Wa shule binafsi yuko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo kifungu chake cha 7 kinakataza ubaguzi wa dini. Kwenye shule za madhehebu soma mkataba kabla ya kusaini, hasa maneno yanayohusu mwenendo na imani.

Wewe wa shule binafsi ukiachishwa kazi, una siku 30 za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu ya maana. Wapo wanaosema wataenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, si iko hapa hapa Arusha? Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi pale. Jengo liko jirani, lakini fomu ya kujaza ni ya CMA.