Tovuti ya programu-jalizi za QGIS: panga anwani kabla ya kurasa

Anayetaka kufungua tovuti ya kugawana programu-jalizi (vipande vya kuongeza uwezo) za QGIS, programu ya kutengeneza ramani, mara nyingi huanza na ukurasa wa mbele: nembo, rangi, kisanduku cha kutafutia. Lakini mgeni atakayebisha hodi mara nyingi kuliko wote si mtu, ni QGIS yenyewe, inayokuja kusoma faili moja tu liitwalo plugins.xml, yaani orodha ya programu-jalizi zilizopo na mahali pa kuzipata. Mtumiaji akishabandika anwani ya faili hilo kwenye mipangilio yake, huenda asifungue tena tovuti yako kwa kivinjari. Kwa hiyo anza na anwani hiyo, na ukishaitangaza usiihamishe. Ukiihamisha bila kuweka uelekezaji, kompyuta zote zilizoibandika zitaacha kupata masasisho, na wengi watachelewa kugundua.

Kinachofuata ni kitambulisho. Programu-jalizi hutambuliwa kwa jina la folda iliyo ndani ya zip (faili lililobanwa linalopakuliwa), si kwa jina linaloonekana kwenye orodha. Tumia herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini, na lisianze na tarakimu. Jina la kuonyesha linaweza kubadilika hata kila mwaka; jina la folda libaki lilelile.

Hapa ndipo wengi hukwama. QGIS huchukua jina la zip lililoandikwa kwenye plugins.xml, na kila kilicho kabla ya nukta ya kwanza hukifanya kitambulisho. Kwa mfano, faili likiitwa kina_maji.1.2.0.zip, kitambulisho ni kina_maji, na folda itapatikana. Likiitwa kina_maji-1.2.0.zip, QGIS itatafuta folda ya kina_maji-1, itaikosa, na itatoa kosa ilhali mafaili yameshafunguliwa kwenye diski. Ukichukua zip ya msimbo moja kwa moja kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, nako kuna mtego: folda ya ndani huongezewa jina la tawi (branch) la msimbo, ikawa kina_maji-main, nayo hailingani tena na kitambulisho.

Ndiyo maana sehemu ya kupakia lazima ikague kabla ya kupokea: ndani ya zip kuwe na folda moja tu, jina lake lilingane na kitambulisho, na ndani yake kuwe na metadata.txt (maelezo ya programu-jalizi), __init__.py (faili la kuianzisha) na faili la leseni. Ikikuta mabaki kama __pycache__, .git au __MACOSX, ikatae na kutaja faili lenye shida kwa jina. Ujumbe wa “faili si sahihi” haumsaidii mtu yeyote.

Anwani ninazopendekeza ni chache:

/plugins.xml
/p/kina_maji/
/p/kina_maji/1.2.0/
/faili/kina_maji.1.2.0.zip

Zip ikishapanda haiguswi tena. Hata ukikosea herufi moja, toa 1.2.1. Ukibadilisha yaliyomo chini ya namba ileile, watu wawili watakuwa na 1.2.0 zisizofanana, na ripoti zao za hitilafu hazitaeleweka. Kanuni hii inarahisisha pia kazi ya seva: zip zinaweza kukaa kwenye kache (nakala za muda) mwaka mzima, wakati plugins.xml ipewe dakika 5 tu.

Kwenye hifadhidata, tenganisha jedwali la programu-jalizi na jedwali la matoleo. Jina, maelezo, mwandishi na lebo vikae kwenye la kwanza. Tarehe, jina la zip, alama ya majaribio na matoleo ya QGIS yanayokubalika vikae kwenye la pili. Hili si pambo. QGIS 3 ilipotoka Februari 2018 ilihamia Python 3 (lugha ya programu) na Qt 5 (maktaba ya madirisha na vitufe), na programu-jalizi za QGIS 2 zikagoma hadi ziandikwe upya. Aliyeweka ulinganifu kwenye jedwali la programu-jalizi hana pa kuandika kwamba 0.9 ni ya QGIS 2 na 1.0 ni ya QGIS 3. Kumbuka pia kwamba usipojaza toleo la juu kabisa, programu-jalizi inayoanzia 3.0 huhesabiwa kuishia 3.99.

QGIS inapoomba orodha huongeza toleo lake mwishoni mwa anwani, kwa mfano ?qgis=3.34. Ukiwa na programu upande wa seva, tumia hilo kuchuja. Ukiwa na mafaili matupu tu, yanatosha: QGIS yenyewe itaficha zisizoifaa.

Katika kupanga matoleo kwenye ukurasa, usiyapange kama maandishi. Kimaandishi 1.10 hutangulia 1.9, na mgeni ataonyeshwa toleo la zamani kana kwamba ndilo jipya. Gawa kwenye nukta, kisha linganisha namba kwa namba.

Kategoria zisizidi saba au nane. Kazi iliyobaki ziachie lebo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mchora ramani wa Dar es Salaam aliyejifunza kazi kwa Kiingereza ataandika “flood”, mwenzake ataandika “mafuriko”, na wote wafike kwenye ukurasa mmoja. Juu kabisa ya ukurasa huo weka ukubwa wa zip karibu na kitufe cha kupakua. Anayetumia bando la simu akiwa kazini mtaani anastahili kujua kama ni KB 80 au MB 18 kabla hajabonyeza.

Mwandishi akiacha kuitunza kazi yake, usifute. Weka alama ya deprecated (haishauriwi tena) kwenye plugins.xml, eleza sababu kwenye ukurasa wake, na zip zake ziendelee kupatikana, kwa kuwa kuna mradi mahali fulani ambao bado unaitegemea.