Mama anauliza theluji ina uzito gani

Kila Januari Mama hunipigia kutoka Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, na kuuliza: leo imeanguka ngapi? Sasa amezoea. Mwaka wa kwanza alidhani theluji ni vipande vya barafu kama vya kwenye frigo, akataka kujua kama haituumizi vichwa.

Ninaishi Takada, mjini Joetsu, upande wa Japani unaotazama Siberia. Bahari naifikia kwa baiskeli. Nyuma yetu imesimama milima, Myoko ikiwa na mita 2,454. Nyumbani tuliamini theluji nyingi inataka baridi kali. Hapa theluji nzito huanguka kipimajoto kikiwa karibu na sifuri. Inachotaka ni maji. Upepo mkavu wa Siberia unavuka bahari inayopashwa joto na mkondo wa Tsushima, unakunywa mvuke njia nzima, kisha unakuta milima. Unapanda, unapoa, unamwaga. Ng'ambo ya milima hiyo, Tokyo wanaanika nguo juani. Tarehe 26 Februari 1945, hapa Takada theluji iliyolala chini ilipimwa ikawa sentimita 377. Dari ya chumba tulichokulia haifiki huko.

Kilichonishangaza zaidi ni radi. Usiku mmoja wa Desemba ilipiga hadi madirisha yakatetemeka, na asubuhi kote kulikuwa kweupe. Wazee wa hapa husema radi hiyo ndiyo inayoiamsha theluji. Nami nimetoka jirani na Kabare, mahali ambapo utafiti wa setilaiti wa 2016 ulipaweka pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo! Usiku ule nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu nifike.

Tangu hapo napima. Nina ubao mweupe uani. Saa kumi na mbili asubuhi nasimamisha rula, naandika, nafagia ubao, naulaza tena juu ya theluji. Ukiacha kufagia, theluji ya jana inajikandamiza na hesabu inapotea. Halafu nakata kiasi kwa kopo, nayeyusha jikoni, napima maji. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu kina peke yake kinadanganya: sentimita 40 zinaweza kuwa nyepesi kama pamba au nzito kama udongo wa masika. Nimejifunza pia kutazama upepo. Ukivuma kwa nguvu, mzigo unaishia milimani. Ukilegea huku hewa ya juu ikiwa ya baridi sana, theluji inatushukia sisi wa karibu na pwani. Wenyeji wana jina la kila moja: theluji ya mlimani na theluji ya kijijini.

Juzi sentimita 41 zilinipa milimita 45 za maji. Nikamweleza Mama: ni lita 45 katika kila mita ya mraba, kama mabeseni yako matatu chini ya paa. Hapo akaelewa mara moja. Na theluji iliyokaa siku nyingi, mita moja ya kina, inakaribia kilo 300 kwa mita ya mraba.

Akanyamaza kidogo.

"Na hilo paa lenu, mwanangu, ni nani analipanda?"

Ni mimi, Mama. Mzee wa jirani ananishikia ngazi.