Pima Kwanza, Betri Mpya Baadaye

Gari likigoma kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia kununua betri. Gari litawaka, lakini kama shida iko kwenye kuchaji, hiyo mpya nayo italala baada ya siku chache. Mita ya kawaida ya kidijitali itakuonyesha ugonjwa uko wapi.

Anza na betri yenyewe, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Kama limetoka barabarani, washa taa kubwa dakika mbili kisha uzime, maana betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya mita. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12.0 imeisha, ichaji kwanza ndipo uendelee. Halafu mwenzako apige stata huku ukitazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, ama yenyewe imechoka, ama stata inavuta umeme kupita kiasi.

Gari likiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12.4 na inazidi kushuka, betri haipati chaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa, na betri itachemka maji yake. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamuru alteneta (mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka), kusoma 12.8 kwa muda si ajabu: washa taa na feni, uone kama inapanda.

Sasa nyaya, mahali ambapo alteneta nzima nyingi huhukumiwa bure. Injini ikiunguruma, taa na feni zikiwa zimewashwa, gusisha ncha moja ya mita kwenye bolti kubwa ya alteneta, na nyingine kwenye kichwa cha risasi cha betri upande wa chanya. Gusa kichwa chenyewe, usiguse kibano kilichokishika, kwa sababu kutu mara nyingi imejificha katikati ya hivyo viwili. Zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya alteneta hadi kichwa cha hasi. Hapo isizidi 0.2. Ukikuta volti nyingi upande wa chanya, kagua fyuzi kubwa na waya mzima. Waya ukiwa mgumu karibu na kibano, chuna kidogo ganda lake: shaba iliyogeuka nyeusi au kijani haifai tena. Tahadhari, bolti ile ina umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo spana isiiguse pamoja na bodi, na mikono ikae mbali na mkanda.

Mkanda wenyewe ukilia au ukilegea, alteneta haizunguki sawasawa. Taa ya betri kwenye dashibodi nayo lazima iwake ukifungua swichi kabla ya kupiga stata. Kwenye alteneta nyingi za zamani, umeme wa kuiamsha hupitia taa hiyo, hivyo balbu ikiungua alteneta inaweza isichaji kabisa.

Betri inayolala usiku ingawa mchana inachaji vizuri, shuku dayodi, vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Injini ikiwa inazunguka, weka mita kwenye alama ya V~ (volti za AC) na upime betri. Zaidi ya volti 0.5 ni dalili ya dayodi mbovu. Kama ni safi, zima gari, unganisha mita ya ampea kati ya hasi na waya wake, subiri kama nusu saa vifaa vilale. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua.

Kuna mtindo wa kuchomoa betri gari likiwa linawaka ili kujaribu alteneta. Usifanye hivyo: volti huruka ghafla na zinaweza kuua kompyuta ya gari.

Ukibadilisha alteneta, ichaji betri kwa chaja kabla ya kuwasha. Betri tupu huilazimisha alteneta mpya kufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu, na joto hilo ndilo linalounguza dayodi.