Mtazamaji Naye Ni Shahidi

Somo la juma hili: Kutoka 20:16 na Mithali 18:17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mazungumzo yetu baada ya ibada siku hizi huishia kwenye televisheni. Huyu ametazama makala ya wanyama, yule amefika msimu wa tatu wa tamthilia ya maisha ya Yesu, mwingine anafuatilia ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kila mmoja ana neno. Si vibaya hata kidogo. Ila neno tunalolisema baada ya kutazama ni ushuhuda, na amri inayosema “Usimshuhudie jirani yako uongo” haikuyaacha kando yale tuliyoyaona kwenye kioo. Kauli ya “nimeona kwa macho yangu” ni nzito mbele ya baraza lolote. Mtazamaji huitamka kwa moyo mweupe, wala hajui kwamba macho yake yalishikwa mkono na kuongozwa.

Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa makala iitwayo White Wilderness, kuhusu wanyama wa nchi za baridi kaskazini. Humo wamo lemingi, wanyama wadogo jamii ya panya, wakikimbia kwa makundi hadi ukingoni na kujitupa majini, huku msimulizi akieleza safari yao ya mwisho baharini. Filamu ilipata tuzo ya Oscar. Mwaka 1982 kipindi kimoja cha CBC, televisheni ya taifa ya Kanada, kikaanika kilichofanyika. Sehemu ile ilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari, kwa lemingi walionunuliwa Manitoba. Waliwekwa kwenye meza ya kuzunguka iliyofunikwa theluji ili wachache waonekane wengi, kisha wakasukumwa mtoni. Lemingi hawajiui. Idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache, wakizidi huhama, na baadhi hufa maji wakivuka. Hata hivyo mfano wa wanyama wanaofuata mkumbo hadi kufa bado unasikika, hata mimbarini.

Tazameni uongo ulipokaa. Wanyama walikuwa wa kweli, maji ya kweli, na kuanguka kulikuwa kwa kweli. Kilichopachikwa ni sababu ya kuanguka, na sababu haikuonekana kwenye picha, ilisemwa na msimulizi. Aliyesema “nimeona lemingi wakijiua” aliona wakianguka tu. Kujiua aliambiwa.

Haina maana kwamba kila kilichopangwa ni hila. Mwaka 2011 BBC ilionyesha Frozen Planet, na ndani yake watoto wa dubu mweupe wakiwa pangoni na mama yao. Baadaye ikafahamika na wengi kwamba sehemu hiyo ilipigwa katika bustani ya wanyama nchini Uholanzi. Watu walikasirika. BBC ilijibu kwamba kupeleka kamera kwenye pango la dubu aliyezaa porini ni hatari kwa mama, kwa watoto na kwa mpigapicha, na kwamba jambo hilo lilikuwa limeelezwa kwenye tovuti ya kipindi. Hoja hiyo ina uzito, na ni haki kuitaja kila tunapoitaja lawama. Mithali 18:17 inasema wa kwanza kujitetea huonekana ana haki, hadi jirani yake anapokuja kumchunguza. Mlalamikaji naye huja akachunguzwa vilevile.

Sasa sauti, maana hapa wengi hatupatilii maanani kabisa. Mpigapicha wa wanyama hukaa mbali, mara nyingi mita mia na zaidi, akitumia lenzi ndefu. Lenzi huivuta sura karibu, maikrofoni haiwezi kuivuta sauti namna hiyo. Kwa hiyo nyayo za dubu kwenye theluji hutengenezwa studio: mtu hujaza wanga wa mahindi kwenye mfuko, akauminya polepole mbele ya maikrofoni akifuata mwendo wa miguu kwenye skrini, na wanga ule hulia kama theluji inayokanyagwa. Mabawa ya ndege huweza kuwa glovu za ngozi zikipigwapigwa hewani. Juu ya hapo huwekwa muziki, nao ndio unaoamua tumpende nani. Fisi akiingia na ngoma nzito ni mwizi. Duma akiingia na fidla nyororo ni mama anayehangaikia watoto. Wote wawili wanatafuta nyama. Atakaye kujua moyo wake unavutwa na nini, achukue rimoti, azime sauti kwa dakika mbili penye mawindo, halafu arudie dakika hizohizo sauti ikiwa imewashwa. Fanyeni jambo hili na watoto, wanalielewa mara moja.

Na mawindo yenyewe? Mara nyingi yameunganishwa kutoka siku kadhaa, pengine hata kwa simba zaidi ya mmoja. Angalieni kivuli: simba akianza kunyatia kivuli chake ni kirefu, akiruka ni kifupi chini ya tumbo. Angalieni sikio lenye pengo linaloonekana na kupotea, au miguu yenye tope ambayo dakika moja baadaye ni mikavu. Muunganisho huo haujakosea kueleza jinsi simba anavyowinda. Mtu hukosea akisema “simba yule alimkimbiza swala yule”.

Wanadamu wanapohojiwa ndipo pa kuwa macho zaidi, kwa sababu hapo jirani ana jina na heshima. Msemaji anaanza sentensi tunamwona uso. Katikati, picha inahamia mikono yake, au dirisha, au mwandishi anayetikisa kichwa, na sauti inaendelea bila kukwama. Mara nyingi hapo ndipo palipokatwa, na ile picha ya mikono imewekwa kufunika mshono. Uso unaporudi, maji kwenye glasi yake yamepungua kuliko mwanzo. Maelezo ya dakika kadhaa yameondoka, na “lakini” yake huenda imeondoka nayo. Kutikisa kichwa kwa mwandishi kwaweza kuwa kulipigwa baada ya mahojiano kwisha, mhojiwa akiwa ameshaenda zake. Zamani, mwongozaji filamu Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, usioonyesha hisia yoyote, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti kwenye jeneza. Watazamaji wakauona una njaa, kisha una huzuni. Basi tukisema “hata uso wake ulionyesha ana hatia”, tujiulize picha iliyotangulia ilikuwa ipi.

Kuna na jirani aliyeachwa nje ya picha. Makala za Serengeti ni mfano wa karibu nasi. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitengwa na Hifadhi ya Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya Serengeti wakahamia upande wa Ngorongoro. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael kuhusu mbuga ya Serengeti. Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipoanguka, akazikwa kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro, na filamu ikapata Oscar mwaka uliofuata. Kazi yao ya kuhesabu nyumbu kutoka angani iliusaidia ulimwengu kuzijali mbuga zile, na anayewadharau amekosa shukrani. Ila anayetazama makala nyingi zilizokuja baadaye hufikiri nyika ile ilikuwa tupu tangu kuumbwa. Katika kuisifu kazi ya mikono ya Mungu tusimfute mchungaji na ng'ombe wake.

Kwa kikundi cha nyumbani kinachotaka kutazama pamoja juma hili, chukueni makala ya dakika 50, si zaidi, na kila mtu awe na karatasi yenye safu tatu: nimeona, nimeambiwa, nimehisi. Anayeshika rimoti asimamishe mara mbili tu, dakika ya 15 na ya 35 hivi, kwa dakika tatu za kuandika. Mkisimamisha kila mara, uzi wa hoja hupotea na watu huchoka. Mkikosa kusimamisha kabisa, safu ya kwanza na ya pili huchanganyika, kwa kuwa akili huhifadhi sauti ya msimulizi kama picha. Majina yanayopita mwishoni mwa makala yasikatwe: someni mwaka, nani alitoa fedha, na kama yumo mshauri wa kitaalamu. Kisha kila mmoja achague dai moja zito na kulitafuta mahali pengine kabla ya kikao kijacho. Safu ya pili karibu kila mara ndiyo huwa ndefu.

Tamthilia ina kanuni nyingine, kwa sababu haijaahidi kuonyesha kilichotokea. The Chosen, ile tamthilia ya maisha ya Yesu ambayo wengi wetu tunaipenda, katika sehemu yake ya kwanza kabisa huweka maandishi yanayokiri kwamba habari za nyuma za wahusika na baadhi ya mazungumzo yameongezwa, na kuwahimiza watazamaji wasome Injili. Huo ni uungwana. Sisi tunayapita maandishi hayo haraka, halafu tunahubiri kilichoongezwa.

Mchukueni yule mwenye kupooza aliyeshushwa kutoka juu. Someni kwanza Marko 2:1-12, dakika tatu zinatosha, ndipo mfungue msimu wa kwanza, sehemu ya sita. Marko anasema wachukuzi walikuwa wanne na kwamba paa lilitobolewa. Luka 5 anataja hata vigae. Mathayo 9 hataji paa kabisa. Tamthilia inaweka mwanamke aitwaye Tamar kuwa mmoja wa wanaohangaika kumfikisha mgonjwa kwa Yesu. Katika Injili zote tatu hayupo. Je, ni kosa kumweka? Kwa tamthilia si kosa, na pengine kumetusaidia kuona kwamba waliombeba mgonjwa walikuwa watu wenye jasho na hofu. Kosa ni somo la Jumapili linalosema “kama yule mwanamke aliyempeleka mgonjwa”. Vivyo hivyo mke wa Simoni: Marko 1:30 inataja mkwewe, kwa hiyo mke alikuwepo, lakini jina Eden limetoka kwa waandishi wa tamthilia. Ukisoma kabla, unakiona kilichoongezwa papo hapo. Ukisoma baada, utalisoma Neno kwa sura na sauti za waigizaji, na ni kazi kubwa kuzitoa. Wazee waliotazama ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotungwa kwa kufuata Luka na kuonyeshwa viwanjani usiku, wengine bado wanaomba wakiiona sura ya mwigizaji yule.

Picha hukaa. Maria Magdalene alifanywa kahaba na hotuba ya Papa Gregori wa Kwanza mwaka 591, aliyemuunganisha na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7. Wachoraji wakafuata, kisha filamu. Luka 8:2 inasema tu kwamba alitokwa na pepo saba. Miaka zaidi ya elfu moja na mia nne jirani yetu huyu ameshuhudiwa jambo ambalo Maandiko hayakulisema, na walioliendeleza wengi wao walimpenda.

Amri hiyo inawalinda pia wasio wa imani yetu. Tamthilia ya Kituruki kuhusu Sultani Suleiman ilipolalamikiwa mwaka 2012 na waziri mkuu wa nchi hiyo, hoja yake ilikuwa kwamba mtawala huyo alikaa miaka mingi juu ya farasi vitani, siyo ndani ya nyumba ya wanawake kama inavyoonyeshwa. Suleiman alitawala miaka 46, kuanzia 1520 hadi 1566. Mwandishi wa tamthilia ana ruhusa ya kuchagua chumba cha kuweka kamera. Sisi hatuna ruhusa ya kugeuka na kusema mbele ya jirani Mwislamu, “ninyi ndivyo mlivyoishi”.

Jambo la muda nalo lisemwe kwa kifupi: msimu wa sehemu nane za saa moja ni saa nane. Programu nyingi huanzisha sehemu inayofuata baada ya sekunde chache. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti mkazime hilo, kisha kila sehemu mpya iwe uamuzi wenu.

Linalobaki ni klipu. Dakika moja iliyokatwa kutoka makala ya saa nzima inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ushirika, haina mwaka, haina jina, na imeandikwa juu “Tazameni wanavyofanya”. Kabla ya kuituma mbele, uliza mambo matatu: imetoka kwenye makala gani, ya mwaka gani, na msemaji alisema nini kabla na baada. Likikosekana hata moja, iache kwenye simu yako. Na kama ulishaituma, ukagundua ilikuwa si kweli, kuifuta kimyakimya hakutoshi, maana waliokwisha kuiona wameshaibeba. Andika palepale ulipoituma, kwa watu walewale: “Wapendwa, klipu niliyotuma Jumatano kuhusu jambo fulani haikuwa sahihi. Nilisema nimeona, kumbe niliambiwa. Naomba mliopeleka mbele mpeleke na ujumbe huu.” Kisha mpigie yule aliyetajwa ndani yake, kama anafikika, kabla ya Jumapili.