Jinsi Nilivyoipata .375 Yangu Baada ya Ushauri Mwingi Mbaya

Nilipoamua kuipumzisha shotigani ya marehemu baba na kununua bunduki ya kuwindia nyati, kila niliyemgusia jambo hilo alikuwa na jibu mdomoni, na majibu yote yalikuwa ya namba za kaliba, yaani ukubwa wa tundu la mtutu: .30-06, .300, .416, .458. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninawinda wapi, ninawinda mnyama gani, wala bega langu limezoea nini. Jambo hilo liliniudhi wakati ule na linaniudhi hadi leo, kwa sababu ushauri wa namna hiyo ulinipotezea msimu mzima na pesa nyingi za risasi.

Mimi ninawinda katika miombo ya Tabora kwa leseni ya mkazi. Mle mwituni ni nadra kumpiga mnyama kwa umbali unaozidi mita 100. Mara nyingi unamwona kongoni kati ya vigogo akiwa mita 60, naye keshakuona. Kwa swala pala na kongoni, .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7 inatosha kabisa. Nyati ni habari nyingine. Kanuni zetu za uwindaji zinataka bunduki isiyopungua kaliba ya .375 kwa nyati, na mtu anayekushauri vinginevyo anakutafutia kesi kabla hajakutafutia kifo.

Washauri wa namna hiyo sikuwakosa. Mmoja alinisimulia kwa kirefu habari za W. D. M. Bell, mwindaji wa Kiskoti aliyevuma Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, ambaye aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Habari hiyo ni ya kweli. Ila Bell aliyajua mafuvu ya tembo kama daktari anavyoujua mwili, alitumia risasi ngumu zisizotanuka, na alikuwa mwituni miezi kwa miezi. Mimi ninapata siku kumi kwa mwaka. Kipimo cha Bell hakinifai.

Upande wa pili walikuwapo wapenda mizinga. Rafiki yangu mmoja, mwindaji wa siku nyingi na mwenye kibali cha .458 Winchester Magnum, alisema kwamba nyati haheshimu kitu kidogo, akanialika uwanja wa shabaha nijionee mwenyewe. Risasi ya bunduki ile ina uzito wa gramu 32, na teke lake ni la punda. Ya kwanza niliipiga vizuri kwa sababu sikujua kinachokuja. Ya pili ilikwenda kushoto kwa shibiri nzima. Ya tatu haikuigusa karatasi kabisa, na shabaha yenyewe ilikuwa mita 50 tu. Rafiki yangu alinifariji kwamba nitazoea. Nilipiga kumi na mbili siku ile, nikarudi nyumbani na bega la zambarau. Juma lililofuata nilianza pale pale nilipoachia, yaani pembeni ya karatasi.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu, ambaye aliwahi kuwa askari wa wanyamapori. Alinitazama nikipiga mara mbili, asiseme neno. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, geukia kule, bunduki nitakujazia mimi." Alikuwa akiniwekea risasi mara moja, na mara nyingine ananiwekea ganda tupu, nami sijui lipi ni lipi. Nilipobonyeza kifyatulio juu ya ganda tupu, ukasikika mlio mdogo wa tiki, na mbele ya macho yangu mtutu ukazama chini kama jembe linaloingia ardhini. Hakukuwa na mshindo wala teke. Mtutu ule niliuzamisha mwenyewe, kwa woga wa kitu ambacho hakikutokea. Nilikuwa nimeilaumu darubini, nikalaumu upepo, hata karatasi nikailaumu, kumbe tatizo lilikuwa mwilini mwangu.

Tukaendelea hivyo kwa majuma kadhaa, ila sasa kwa .375 Holland & Holland aliyoileta mwenye duka aliyekubali kusimama nasi uwanjani. Kaliba hiyo ni ya mwaka 1912. Risasi yake ya gramu 19.4 hutoka kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, na kwa masafa yetu huruka karibu sawa na ile ya .30-06, kwa hiyo kwa bunduki moja unaweza kwenda kwa nyati na kwa kongoni pia. Teke lake ni kama mara mbili ya .30-06. Ni zito, lakini linasukuma zaidi ya kupiga. Siku niliyobonyeza juu ya ganda tupu mara tano mfululizo na mtutu ukatulia tuli, mjomba alikunja karatasi ya shabaha na kuitia mfukoni.

Kuhusu kuchagua bunduki yenyewe, niliomba risasi za mazoezi zisizo na baruti nikajaribu kila iliyokuwapo dukani: nikakoki polepole, nikakoki kwa nguvu, nikakoki bunduki ikiwa imelala ubavu. Moja iliyong'aa kuliko zote iliiachia risasi katikati ya safari, kabla haijaingia mtutuni. Nilipovuta bolti, yaani komeo la bunduki, tena, ya pili ikaja juu yake, zikakwama zote mbili. Niliirudisha kabatini papo hapo. Niliyoichukua ni CZ 550 iliyotumika, ya Jamhuri ya Cheki, yenye ukucha mpana wa chuma wa mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, ambao huikamata risasi kwenye ganda lake tangu inapotoka kwenye magazini, kisanduku cha risasi, na hauliachii ganda mpaka litemwe nje. Bei yake ilikuwa mamilioni kadhaa, na darubini ikanila karibu robo nyingine juu yake. Ukishika yoyote dukani, fumba macho, iweke begani, kisha fumbua: kama jicho haliko nyuma ya vilengeo, kitako si chako. Changu fundi alikipunguza kwa upana wa kidole.

Mwezi wa Julai tulimfuata dume mmoja tangu alfajiri, kwa miguu, bunduki ya zaidi ya kilo 4 ikinielemea shingoni. Alisimama ubavu, mita 60, nyuma ya mti mwembamba. Nilisubiri asogee hatua moja, nikampiga nyuma ya bega kwa risasi ya ncha laini, na kabla sijafikiri mkono ulikuwa umeshakoki ya pili, risasi ngumu, nayo nikaituma akiwa anageuka. Alikimbia kama hatua arobaini. Tulingoja hadi tuliposikia mlio wake wa mwisho, tukangoja tena. Mjomba alipomkaribia, alimgusa jicho kwa fimbo ndefu, kisha akapima kwa vidole umbali kati ya tundu mbili: vidole vinne. Akatoa mfukoni karatasi ile ya shabaha, akaikunjua juu ya ubavu wa nyati.