Chapati nane

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii sina neno kubwa la kuwapa. Nina chapati nane ambazo hazijaniacha nilale.

Jumatano gesi iliniishia ndengu zikiwa bado ngumu. Mshahara uko mbali, kwa hivyo nikanunua makaa gorogoro moja, nikawasha jiko nje karibu na kamba za nguo na kupepea mpaka macho yakanitoka machozi. Nikasukuma chapati nane. Sisi ni wanne, kila mtu mbili, hesabu imefungwa. Saa mbili usiku, mvua inanyesha, nikasikia hodi. Sauti niliijua kabla sijafungua. Ni dada tunayeimba naye kwaya, na mwezi uliopita alinisema vibaya mahali, maneno yakanifikia. Matatu zilikuwa zimekwama barabara ya Jogoo, akashuka atembee, mvua ikamkuta karibu na kwangu.

Nilimkaribisha kwa mdomo. Mguu nao ulikuwa unasukuma hotpoti chini ya meza. Nikampa chai kavu, nikasema, "Leo hata hatujapika, dada yangu." Kitinda mimba wangu akanitazama kwa mshangao: "Mama, na zile chapati?"

Basi, tukala. Nilimpa zangu mbili, mimi nikala ndengu kwa kijiko, na kila alipomega nilinung'unika moyoni. Ndiyo, hata baada ya kuumbuliwa na mtoto.

Habari za Martha na Mariamu mmehubiriwa vya kutosha, na mjane wa Sarepta pia. Mimi nilipelekwa Yohana 21. Petro na wenzake wamekesha ziwani bila kitu, na kulipokucha wanamkuta Yesu ufuoni na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi bila kuyaona hayo makaa. Lakini aliyepika kwa makaa anajua hayakolei kwa dakika mbili. Ina maana Bwana aliyefufuka alikuwa pale mapema, giza bado, anashughulikia moto. Na kwa ajili ya nani? Petro alimkana akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu; Yohana ametaja makaa pale pia, sura ya 18. Sasa moto ni uleule ila mpishi ni aliyekanwa. Hasemi, "Kwanza tuongee yale ya juzi." Anasema, "Njoni mfungue kinywa." Swali lake kwa Petro, "wanipenda?", likaja baada ya kula. Wamevuta samaki 153, naye tayari alikuwa na wake motoni, lakini bado akawaambia walete na baadhi ya wale waliovua. Hakuona haya kupokea pia.

Ndipo nikaelewa waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 4, mstari wa 9: "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika." Angeweza kuishia kwenye "mkaribishane". Lile la kunung'unika limeandikwa na mtu aliyewahi kulishwa asipostahili, na aliyemlisha hakumkunjia uso.

Wapendwa, niseme ukweli? Hapa Nairobi tumejifunza kufunga pazia. Mtu akipiga simu yuko getini, tunasema tuko mjini. Mchungaji akija, kuku anachinjwa na vikombe vya kabatini vinatoka. Bawabu anayekesha mlangoni petu hajawahi kuonja hata githeri yetu. Luka 14, pale Yesu anaposema tualike maskini, tunaijua kwa moyo, ila Jumapili tunaalikana walewale wenye magari. Na tusisingizie bei ya unga. Mimi sikukosa chapati, nilizificha. Wengine mna friji imejaa na mnasubiri mpate sofa mpya ndipo muite watu. Mgeni hali sofa! Pika sukuma yako na ugali, weka chumvi, fungua mlango. Kama kuna mtu ambaye jina lake likitajwa unakunja uso, huyo ndiye wa kuanza naye.

Nimemtumia yule dada ujumbe aje Jumamosi. Maneno yale tutayaongea tukishakula, au tuyaache. Bado hajanijibu. Unga kilo mbili nimeshanunua, gesi bado.