Siku moja mezani: tambi za meshi na koili zake

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni atomaiza za kujijengea, yaani sehemu ya sigara ya kielektroniki inayogeuza juisi (kimiminika chake) kuwa mvuke; zile ambazo tangi la juisi liko chini na koili, waya unaopashwa moto, iko juu. Naanza kukata meshi: wavu wa stenlesi namba 400, yaani nyuzi 400 kwa kila inchi. Upana milimita 60; urefu kutoka sakafu ya tangi hadi kupita koili kidogo. Mkasi butu huacha nyuzi zimechomoza, na hizo ndizo zitakazopiga shoti baadaye. Juisi ikiwa nzito ya gliserini, nachukua namba 325 au 200, zenye matundu mapana.

Saa 3. Naviringisha kwenye sindano ya milimita 1, nikipunguza meshi hadi utambi, yaani meshi iliyoviringishwa ya kupandisha juisi hadi kwenye koili, ufike unene wa 2.5. Tundu la tangi ni 3. Lazima upite bila kusukumwa. Ukikaza mno, juisi haipandi.

Saa 4. Moto, karibu na dirisha. Nashika utambi kwa kibano, napitisha tochi ya gesi hadi uwe mwekundu ncha hadi ncha, naacha upoe, narudia mara tano au sita. Kisha naudondoshea juisi na kuiwasha iungue, mara tatu. Meshi ni chuma tupu, inapitisha umeme. Kinachoutenga utambi na koili ni ngozi nyembamba ya oksidi inayojengeka hapa. Usigandishe moto sehemu moja, nyuzi zitakatika kama biskuti.

Saa 6 mchana. Sasa koili: waya wa Kanthal, aloi ya kutengenezea vipasha joto, wa milimita 0.32, mizunguko mitano kwenye shina la biti ya keekee ya 2.5, kisha kwenye utambi. Mguu wa juu unakwenda kwenye nguzo ya chanya, wa chini kwenye hasi. Ukivuta waya ukabana utambi, unakwangua ile ngozi. Mita ya ukinzani isome karibu omu 1.

Saa 8. Hapa ndipo muda unapoishia. Mita inasoma 0.5, na ukigusa utambi namba zinarukaruka. Au mzunguko wa juu unawaka peke yake na wa chini umenuna: umeme umepata njia ya mkato, umeingia kwenye meshi na kutokea kwenye kitako cha tangi. Nazima, nasogeza mizunguko kwa sindano unywele mmoja mmoja, nabonyeza kwa wati 7, natazama. Inatakiwa iwake kuanzia katikati kuelekea pembeni. Ikigoma, utambi unarudi motoni. Wapo wanaopandisha wati wakidhani shoti itaungua yenyewe; kinachoungua ni waya.

Saa 10. Betri haiingii kabla mita haijatulia, hasa kwenye kifaa kisicho na kinga. Kwa volti 4.2 na omu 1 inatoa ampea 4.2; kukiwa na shoti, inatoa kila ilichonacho. Nalowesha koili, najaza tangi. Ladha ya kuungua ikija ilhali tangi limejaa, natazama tundu la kujazia: likizibwa kabisa hewa haiingii, na juisi inakwama chini.

Utambi wa pamba ni rahisi kuliko haya yote, nakubali.

Saa 11. Tambi za zamani: maji ya moto, kisha tochi hadi masizi yaishe. Koili zake natupa.